Maharage ya darini yamegoma kuiva: jibu kwa msomaji wa Pasua, Moshi

Swali: Shikamoo mama. Mwezi wa nane mwaka jana nilinunua madebe matatu ya maharage mekundu pale Mbuyuni, nikayaweka kwenye kiroba juu ya dari kwa sababu nyumba yetu ni ndogo. Mpaka mwezi wa kwanza yaliiva bila shida. Sasa nabandika saa nne asubuhi, na saa tisa bado ni magumu kama kokoto, mkaa umeisha. Mama mkwe ananiambia nitie magadi, nesi wa kliniki amenikataza kwa ajili ya meno ya watoto. Nina pia dengu nyekundu, choroko kidogo na mbaazi alizoniletea shemeji kutoka Babati. Watoto wamechoka ugali na maharage kila siku. Nifanyeje nisitupe hiki chakula?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usitupe hata punje. Maharage yako hayajaoza wala hujauziwa mabaya. Yamechoshwa na joto, na kwa hali uliyoeleza bado yanapikika. Ila kuongeza moto si dawa yake.

Anza na ile dari. Moshi mjini ni kwenye joto kuliko sisi tulio huku Arusha, na bati likipigwa na jua tangu asubuhi, nafasi iliyo chini yake huwa kama tanuri. Ndani ya punje ya haragwe, chembechembe zake zimeshikana kwa kitu kama gundi, kinaitwa pektini. Haragwe jipya likichemka, gundi hiyo inayeyuka, chembechembe zinaachana, nawe unasema limeiva. Sasa, punje hiyo hiyo ina madini ya kalsiamu na magnesi ambayo kwa kawaida yamefungwa na kitu kingine, fiteti. Maharage yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu, fiteti inavunjika, madini yanaachwa huru, nayo yanakwenda kukaza ile gundi. Gundi iliyokazwa namna hiyo haiyeyuki kirahisi kwa maji ya moto. Ndiyo maana unachochea mkaa mpaka saa tisa na punje inabaki vilevile.

Kabla ya yote fanya jaribio dogo usiku wa leo. Chukua kikombe kimoja, chambua, osha, loweka kwenye maji mengi. Asubuhi angalia. Ukikuta punje zimevimba karibu mara mbili, ngozi imenyooka, basi una maharage yanayonywa maji ila hayalainiki, na haya dawa yake ni chumvi, nitakueleza. Ukikuta nyingi zimebaki ndogo na ngumu kama ulivyozitia, shida iko kwenye ngozi: imekauka mno, haipitishi maji. Hizo usizichanganye na zilizovimba, zitakuharibia sufuria zima. Zimwagie maji yaliyotoka kuchemka, funika, ziache saa nyingine nne au tano. Zitakazokataa hata hapo ni chache.

Sasa chumvi. Najua umefundishwa kwamba chumvi inafanya maharage yawe magumu. Hata mimi nilifundishwa hivyo na nikawafundisha wengine, na nilikuwa nimekosea. Chumvi kwenye maji ya kulowekea inasaidia. Sodiamu iliyomo inaingia kwenye ngozi ya haragwe na kuchukua nafasi ya ile kalsiamu inayokaza gundi. Kwa kilo moja ya maharage tia lita tatu za maji na vijiko vitatu vya chakula vya chumvi, kijiko kimoja kwa kila lita. Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji yote, suuza mara mbili, kisha bandika kwa maji mapya. Hayatakuwa na chumvi ya kuudhi. Kumwaga yale maji kuna faida nyingine mbili: sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni inaondoka, na kama muuzaji alichanganya dawa ya unga ya kuzuia wadudu, vumbi lake linapungua. Hata hivyo maharage unayojua yametiwa dawa, yaoshe vizuri kabla ya kuloweka, mara tatu au nne, mpaka maji yawe meupe.

Kwa maharage yaliyokaa muda mrefu kama yako, kwenye maji hayo hayo ya kulowekea ongeza nusu kijiko cha chai cha soda ya kupikia, ile nyeupe ya pakiti wanayotumia kwenye keki. Si hamira. Usiitie kwenye maji ya kuchemshia, na usizidishe. Ikizidi maharage yanaonja sabuni, na inaharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya sababu za kula maharage.

Hapo tumefika kwenye magadi, na nataka nikae kidogo, maana umewekwa kati ya watu wawili unaowaheshimu.

Mama mkwe wako hajakosea kuhusu jungu. Magadi yanalainisha maharage kweli, kwa njia ile ile ya soda ya kupikia, na mabibi zetu wa mlimani waliyatumia kwenye kiburu, yaani ndizi zilizopondwa na maharage, na kwenye makande miaka na miaka wakati hapakuwa na kitu kingine. Nesi naye hajakosea kuhusu meno. Magadi yetu ya kaskazini, hasa yale yanayokwanguliwa juu ya ardhi na kuuzwa kwa mafungu, mara nyingi yanabeba madini ya floraidi. Floraidi ikizidi wakati meno ya kudumu ya mtoto yanajengeka ndani ya ufizi, jino linatoka na madoa, meupe kwanza, baadaye kahawia, na madoa hayo hayaondoki kwa mswaki. Huku kwetu Arumeru tumeyaona kwa macho. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichoshughulika kwa miaka na kuondoa floraidi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa mifupa, na si bure. Wengi wanadhani tatizo ni maji peke yake, na kwamba nyinyi mnaokunywa maji ya mlimani mmesalimika. Lakini Kibosho, ambako maji yana floraidi kidogo sana, watafiti walikuta watoto wengi wenye meno yenye madoa, na magadi ya kupikia yakatajwa miongoni mwa sababu. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki kwenye chakula.

Kwa hiyo kwa nyumba yenye watoto wa chini ya miaka minane nasema wazi: magadi yasiingie kwenye jungu. Usibishane na mama. Loweka kwa chumvi na soda, pika, mpelekee bakuli la kiburu kilicholainika. Mimi nilitia magadi jikoni kwangu kwa miaka mingi bila kujua, na ningefurahi kama kuna mtu angeniambia mapema wanangu wakiwa wadogo.

Kuna jambo moja zaidi linalochelewesha maharage, nalo ni nyanya. Nilikuwa mpishi katika shule moja ya bweni huku Arusha. Siku moja, kwa kutaka kuokoa muda, nilitia nyanya, vitunguu na maharage mabichi kwa pamoja kwenye sufuria kubwa. Watoto zaidi ya mia mbili walikula saa kumi badala ya saa saba, na bado yalikuwa yanatafunika kwa shida. Asidi ya nyanya inaizuia ile gundi isiyeyuke. Ndimu na ukwaju ni hivyo hivyo. Chemsha kwanza mpaka punje ipondeke kati ya ulimi na kaakaa, ndipo uunge.

Pia ukimsikia ndugu yako wa Dar anasema maharage yake yanaiva kwa saa moja, usijilaumu. Kadiri unavyopanda juu, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Moshi mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, Arusha 95, na ukipanda Marangu au Kibosho ni kama Arusha. Sufuria la presha linapandisha joto mpaka karibu nyuzi 120, na ndiyo sababu maharage yaliyolowekwa yanaiva humo kwa nusu saa au pungufu. Kama kuna kikundi cha kuweka akiba mnachocheza na wenzako, hiki ni kitu cha kununua kabla ya blenda.

Kama presha haipo, tumia kapu. Chukua kapu kubwa au boksi, lijaze majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu, acha shimo la kukaa sufuria yenye mfuniko. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu, maji yakitokota kweli, dakika 30. Epua, weka kapuni upesi, funika na blanketi lililokunjwa, usifungue kwa saa nne au tano. Ukitoa, chemsha tena dakika 15 kisha unga. Mkaa wa zile dakika 30 na 15 ndio gharama yote.

Zile dakika 30 za mwanzo usizipunguze. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo kuchemsha kwa nguvu walau dakika 10 kunaiua, lakini moto wa vuguvugu hauiui. Punje chache zisizoiva zinaweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima, seuze mtoto. Kwa hiyo usiweke kapuni maharage ambayo hayajatokota, na usionje punje mbichi ukijaribu kama imelainika.

Haya, tupike. Shauri langu kubwa ni kuacha kupika maharage kila siku. Chemsha kilo nzima mara moja bila kuunga. Kilo moja kavu inakupa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Kama una friji, gawa mafungu matatu: moja la leo, mawili kwenye mifuko au vibakuli ndani ya friza. Kama huna friji, kwa joto la Moshi usiyaweke zaidi ya usiku mmoja. Chemsha nusu kilo tu, yachemshe tena kabla ya kulala na tena asubuhi, na yakinuka uchachu au kutoa povu mwaga.

Fungu la kwanza unga kama kawaida: kitunguu kwenye mafuta kidogo mpaka kiwe rangi ya dhahabu, kitunguu saumu, nyanya mbili, karoti iliyokwaruzwa, maharage na maji yake kidogo. Ponda robo yake kwa mwiko ubavuni mwa sufuria, mchuzi utakuwa mzito bila kutia kitu kingine. Mwishoni kabisa kamua ndimu. Ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai ya rangi inafanya kinyume, na hapa wengi wetu tunakosea, kwa sababu chai na maharage ya asubuhi ni mazoea ya mji mzima. Wape watoto uji na maharage, chai waipate baadaye.

Fungu la pili, kiburu. Ndizi za kupika, mshare kama unazipata, menya, kata, chemsha na maharage yaliyokwisha kuiva na kitunguu kimoja mpaka ndizi zilainike. Ponda pamoja kwa mwiko, tia chumvi na mafuta kidogo au maziwa. Nimekula kiburu cha namna hii bila magadi kwa wenyeji wa Old Moshi na hakuna aliyelalamika. Watoto wanaoukataa ugali hukila hiki.

Makande nitayataja kwa haraka maana unayajua: chemsha mahindi yaliyokobolewa peke yake kwanza, yakikaribia kuiva ndipo utie maharage yako yaliyokwisha kuiva. Ukivianza pamoja, kimoja kitapondeka kingine kikiwa bado.

Dengu nyekundu ndizo rafiki wa mama aliyechelewa kurudi nyumbani. Haziloweki. Zioshe mpaka maji yawe safi, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, manjano kidogo, dakika 20 zimevurugika zenyewe. Pembeni kaanga kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, na binzari nyembamba kama unayo, mimina juu. Kwa wali ni mboga kamili, na ukiongeza maji ni supu ya kumpa mtoto anayeumwa. Wauzaji wengi hupima robo kilo, na robo inatosha watu wanne. Usizinunue nyingi, bei yake kwa kilo iko juu kuliko maharage. Zihifadhi kwa siku za haraka.

Choroko nazo ziko katikati: zisipolowekwa zinaiva kwa dakika 40 hivi, zikilowekwa ni pungufu ya hapo. Pika na nyanya na bamia, au zitie tui. Ngozi yake ni laini, kwa hiyo ndizo ninazopendekeza kwa mtoto wa mwaka mmoja, zikipondwa na kiazi.

Mbaazi za Babati umezitaja kama vile ni mzigo, na ninatamani uzione vingine. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza kutoka nje, bei yake huku ilianguka, na wakulima wengi wa Babati na Karatu walibaki wakizitazama magunia yamejaa. Niliumia kuona tunalima chakula kizuri namna ile kwa ajili ya kusafirisha tu, na jirani zetu wa pwani wanajua siku zote utamu wake. Fanya kama wao. Loweka usiku kucha, chemsha mpaka zilainike kabisa, tia tui jepesi na kitunguu na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, ikikaukia tia tui zito na chumvi, koroga taratibu mpaka lishike. Kula na maandazi au chapati Jumapili asubuhi. Nazi moja kwa nusu kilo ya mbaazi inatosha familia ya watu sita.

Na zile punje za maharage zitakazokataa kila kitu? Zikishachemka vya kutosha ila hazipondeki vizuri, zitwange kwenye kinu au zisage, changanya na kiazi kilichopondwa, kitunguu, giligilani na chumvi, tengeneza vidonge, chovya kwenye yai au uji mzito wa ngano, kaanga. Shuleni tulikuwa tunaviita katlesi za Ijumaa na havikuwahi kubaki.

Maharage yaliyobaki kwenye kiroba yashushe darini leo. Yaanike kivulini penye upepo, peta, toa yaliyotobolewa na yenye ukungu. Yenye ukungu usimpe hata kuku. Pima ukavu hivi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia maharage kiasi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, maharage bado yana unyevu, rudisha kwenye upepo. Ikibaki chini, ni makavu. Kisha yatie kwenye mfuko usiopitisha hewa, ile mifuko ya PICS yenye vifuko viwili vya nailoni ndani na kiroba nje, inapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Toa hewa kwa kubana, funga kila kifuko peke yake kwa kamba. Wadudu waliobaki ndani hutumia hewa iliyomo mpaka inawaishia, wanaacha kula na kufa, na hutahitaji dawa. Kiasi kidogo kinakaa vizuri kwenye ndoo au madumu ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ukiyajaza mpaka juu. Weka chini ya kitanda, juu ya ubao, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Mwaka huu ukinunua, nenda Mbuyuni au Himo baada ya mavuno ya masika, mwezi wa saba au wa nane, muulize muuzaji kama ni ya msimu huu au ya mwaka jana. Usitegemee jibu peke yake. Mwombe kiganja kimoja, kaloweke nyumbani, upike, ndipo urudi kununua debe. Muuzaji mwenye maharage mapya hatakunyima hicho kiganja. Na mara hii chukua madebe mawili badala ya matatu, la tatu linunue mavuno ya vuli yakiingia sokoni mapema mwaka unaofuata.